Tembe Zilizolala na Mbegu

Juzi jino liliniuma mpaka sikio likaziba, nikajikokota hadi duka la dawa pale Mbumbuni. Kijana anayeuza, ambaye angeweza kuwa mjukuu wangu, alinifungia tembe katika bahasha ndogo, akaniambia kwa heshima, "Susu, hizi umalize zote. Hata ukisikia umepona, maliza." Nikacheka. Akadhani ninamdharau, masikini, na uso ukamshuka. Nilimwambia, "Mwanangu, sikucheki wewe. Hilo neno lako nililisikia kabla mama yako hajazaliwa, na siku hiyo hakuna aliyecheka."

Basi kaa nami kidogo, rafiki yangu, nikusimulie.

Nilizaliwa na kulelewa upande wa Ikutha, kusini ya Kitui, na miaka ninayoikumbuka ni ile ya mwanzo wa sabini, nilipokuwa msichana wa shule ya msingi. Baba alifanya kazi ya kibarua Mombasa na kuja nyumbani Krismasi. Waliobaki bomani walikuwa mama yangu, susu, baba mdogo ambaye alikuwa hajaoa, na sisi watoto. Susu ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kikamba. Huyu alikuwa mama mzazi wa baba, mwanamke mfupi, mwenye sauti nzito, na miongoni mwa watu wa kwanza kubatizwa katika eneo letu. Alikuwa akishukuru Mungu kwa kila kitu, hata kwa uji ulioungua.

Ukiingia katika nyumba yake ya kupikia, kitu cha kwanza kukupokea kilikuwa harufu ya moshi na majivu. Juu ya meko zilining'inia vibuyu vya mbegu: kunde, mbaazi, pojo, mtama. Susu alichanganya mbegu na majivu ili wadudu wasizitoboe, kisha akaziba mdomo wa kibuyu kwa gunzi la mahindi. Hakuna mkono mwingine uliogusa vibuyu hivyo. Kwetu mvua haina ahadi, na watu wa rika lake walikuwa wameona njaa ambayo sisi tuliisikia tu kwa hadithi. Alisema, "Mtu akila mbegu, amelima kaburi lake." Hata mwaka ule tulipokula matunda ya porini na kulala na maji moto tumboni, mbegu za Susu zilikaa pale juu, na sisi tukizitazama.

Sasa, katikati ya vile vibuyu kulikuwa na kidogo, chenye shingo nyembamba, na ndani yake mlikuwa na majivu na tembe.

Ndiyo, tembe za hospitali. Desturi ya boma letu ilikuwa hivi: mtu yeyote aliyetoka zahanati alipitia kwanza kwa Susu na dawa zake. Susu alizipokea kwa mikono miwili, akaziombea, akazigawa. Nusu alimpa mgonjwa, nusu akazitia kibuyuni. Hakuna aliyeona ni uchoyo. Mahindi tuliyagawa hivyo, maji tuliyagawa hivyo, kwa nini dawa imalizwe? Na majirani waliijua akiba hiyo. Mama mmoja wa boma la jirani, mwanamke wa maneno mengi, alikuwa akiingia huku ameshika kichwa na kupiga kelele toka mlangoni, "Susu, niokoe, kichwa kinapasuka kama boga!" Susu naye humjibu, "Kinapasuka kwa maneno yaliyojaa. Yapunguze kwanza." Lakini hushusha kibuyu.

Hakujua kusoma, na tembe karibu zote zilikuwa nyeupe, basi alizitambua kwa ncha ya ulimi. Iliyo chungu sana ilikuwa ya homa ya malaria. Yenye ukali kama wa ndimu ilikuwa ya maumivu. Ile kama chokaa, isiyo na ladha ya kueleweka, aliiita ya kifua. Aliilamba, akaipangusa kwa leso, akakupa. Nasi tulimeza, na mara nyingi tulipona, sijui kwa dawa au kwa rehema.

Yeye mwenyewe hakumeza. Akiumwa na kichwa alijifunga kitambaa kwa nguvu, akanywa maji, akaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini huku akichambua mbaazi. "Maumivu ni mgeni," alituambia. "Ukimpa kiti, ataomba na kitanda." Kila tembe ambayo hakuimeza ilikuwa moja zaidi kwa ajili ya mtu mwingine. Mimi nilimwona shujaa. Mama alikuwa tofauti, mwanamke mpole aliyefanya kila alichoambiwa na daktari, na kila alichoambiwa na mama mkwe wake. Shida ni pale maneno ya hao wawili yalipopingana.

Mvua za Novemba zilikuja kwa nguvu mwaka ninaousema. Mama alipanda shambani akiwa amelowa mpaka mifupani, kwa sababu kwetu mvua ikinyesha huiambii isubiri. Akapata kikohozi, kisha kichomi, maumivu ya ubavu yaliyomfanya apumue kwa vipande. Baba mdogo alimpeleka zahanati ya misheni, ng'ambo ya mto. Wakati huo maji yalikuwa bado chini, wakavuka kwa miguu. Alidungwa sindano, akapewa tembe nyingi, akaambiwa amalize. Zilikuwa zile za chokaa.

Mama alianza kupata nafuu upesi. Alikaa kitandani, kisha akakaa nje, kisha siku moja akachukua jembe na kujaribu palizi. Susu alimwona, akafurahi kweli. Alikuja na mikono yake miwili mbele.

"Mwanangu, Mungu ametenda. Zilizobaki nipe zipumzike."

"Mwaitu, daktari alisema nimalize," mama akajibu kwa upole. Mwaitu ni mama, kwa lugha yetu.

"Daktari yeye ana duka lake. Sisi tuna hiki kibuyu. Watoto hawa wakishikwa na kifua mto ukiwa umejaa, nitawapa nini? Maneno ya daktari?"

Mama alimpa. Ninaikumbuka sauti ya zile tembe zikiingia katika majivu, sauti ndogo isiyo na kishindo, kama kunde zikimwagwa juu ya unga.

Haukupita muda mrefu, ubavu ukarudi, na homa ikarudi nao. Susu hakubabaika. Alishusha kibuyu, akalamba, akachagua ile kali kama ndimu. "Tumalize maumivu kwanza," alisema. Na ndugu yangu, maumivu yaliisha! Jasho lilimtoka mama, homa ikashuka, akaomba isyo, yaani mahindi na maharagwe, akala. Jumapili alisimama kanisani kushuhudia, watu wakapiga makofi, Susu akaangalia chini kwa unyenyekevu ambao haukuficha furaha. Kila uchungu ulipoanza kurudi, alipewa nyingine kali, naye akainuka akapika. Sisi watoto tulimwona mama akitembea, tukajua amepona. Hatukujua kwamba kilichonyamazishwa ni sauti tu, na kitu chenyewe kilikuwa kinaendelea na kazi yake kifuani.

Asubuhi moja hakuinuka. Nilimpelekea uji, nikamkuta midomo imebadilika rangi, pua zikipanuka kila alipovuta hewa. Alinitazama kama mtu anayenitafuta kwa mbali. Nilimwaga uji wote nikikimbia.

Baba mdogo alikimbilia mtoni, akarudi amelowa hadi kiunoni. "Mto umeshuka na miti," alisema. Nyinyi mnaojua mito yetu mnaelewa. Mwaka mzima ni mchanga tu, tunachimba visima na kuchota maji kwa kibuyu, mpaka punda wanazoea kulala katikati yake. Halafu mvua ikinyesha huko juu, mto unashuka mwekundu, unanguruma, na magogo yanapita kama ng'ombe waliovunja zizi. Ng'ambo ulikuwa unaona njia ya zahanati, nyekundu na safi. Huku kwetu mama hana pumzi.

Mwinjilisti wetu alikuja na wamama wawili wa kanisa. Alikuwa mkulima kama sisi, mtu wa makamo, mwenye koti moja la kuhubiria. Waliimba, wakaomba. Walipomaliza, Susu alisema kwamba hatakaa bure, akashusha kile kibuyu, akakimimina chote juu ya ungo.

Sote tuliinama kuangalia. Unyevu wa ile mvua ulikuwa umeingia. Tembe nyingine zilikuwa zimevunjika, nyingine zimeshikana na majivu yakawa madonge ya kijivu. Susu alichukua moja, akailamba. Akatema. Akachukua nyingine. Akatema. Kila kitu kilikuwa na ladha ya majivu.

"Susu," mwinjilisti akasema taratibu, "unazijua?"

"Ninatafuta ya kifua."

"Nauliza, unazijua?"

"Wewe omba, mimi nitafute!" Hakuwahi kumsemesha mtumishi wa Mungu hivyo. Kisha, kama mtu anayejitetea mbele ya kiti cha hukumu, akasema, "Yusufu aliweka akiba huko Misri, nanyi mnamhubiri kila mwaka. Aliweka, watu wakapona. Mimi nimekosa wapi?"

Mwinjilisti alivua kofia akaishika mbele ya tumbo. "Yusufu aliweka nafaka, Susu. Lakini kule jangwani kulikuwa na mana. Waliambiwa waichukue ya siku hiyo, waile. Walioibakiza waliikuta asubuhi ina funza. Mungu ni mmoja, na vyote ni vyake. Kazi ya mtu ni kujua amepewa kipi."

Mmoja wa wale wamama akanong'ona, "Na sasa ndio wakati wa mahubiri?" Mwinjilisti akarudisha kofia kichwani.

Susu alishika tembe moja, ambayo haikuvunjika, akaenda nayo kitandani, na kikombe cha maji katika mkono wa pili. Nilikuwa nimekaa upande wa kichwa cha mama, nikimpepea kwa kipande cha katoni. Niliuona mkono wa Susu ukikaribia mdomo wa mama, na nikaona macho yake, kwamba hajui. Mimi mtoto niliona hajui. Inaweza kuwa ya kifua. Inaweza kuwa ya malaria ya mtu fulani wa mwaka fulani. Mvua ilikuwa imeanza tena kupiga bati la nyumba ya mama.

Mama, ambaye katika ndoa yake yote hakuwahi kukataa kitu kutoka mkono ule, alifunga midomo. Aligeuza uso kidogo, akakusanya pumzi.

"Mwaitu," akasema. Akapumzika. "Kama hujui, usinipe."

Susu alisimama pale na kikombe chake. Kisha akarudisha mkono. Alienda mlangoni, akaitupa ile tembe nje katika matope, na akakaa chini sakafuni kando ya kitanda, akaushika mguu wa mama juu ya blanketi, hakuuachilia.

Nimesoma na kusikia mahubiri mengi juu ya imani, na nimefundisha wanawake wenzangu kwa miaka. Bado sijui imani ya nani ilikuwa kubwa zaidi katika chumba kile: ya mwinjilisti aliyeomba, ya Susu aliyerudisha mkono, au ya mama aliyekataa msaada wa pekee uliokuwapo.

Mto ulianza kupungua alasiri ya siku iliyofuata. Baba mdogo hakungoja uishe. Walikata miti miwili, wakafunga ngozi ya ng'ombe katikati iwe machela, wakamlaza mama, wakaibeba wanaume wanne, maji yakiwafika mapajani na mwinjilisti akitangulia na fimbo kupima mchanga. Katikati, mmoja alizama mguu, machela ikainama, na Susu, ambaye alikuwa amekatazwa kuvuka, akapiga kelele kutoka nyuma yao, "Inueni! Inueni, nyinyi, au mmekula bure?" Wakainua. Alikuwa ameshavuka nusu, leso imefungwa kiunoni, mimi nikiwa nimeshika mkono wake. Chini ya kwapa alikuwa na kile kibuyu. Alikuwa amerudisha humo yote yaliyokuwa katika ungo.

Daktari wa zahanati alikuwa mtu mwembamba, na alikuwa amechoka. Alimdunga mama sindano kwanza, akamlaza upande, ndipo akaanza kuuliza. Susu hakumficha kitu. Aliweka kibuyu mezani, akakimimina mwenyewe.

Daktari alitazama lile rundo la majivu. Nilingoja apige kelele. Alikuwa na sifa ya kupiga kelele.

"Nilimwambia amalize," akasema. "Mama mzee, nusu ya kwanza inaupiga ugonjwa. Ile nusu uliyoweka ndiyo ingeumaliza. Na hizi kali mlizompa zilituliza maumivu tu, mkadhani amepona. Dawa si mbegu. Huwezi kuiweka ikaota."

"Nimesikia," Susu akajibu. Akamtazama. "Mwaka wa njaa nilimleta binti yangu hapa mgongoni. Alikuwa na kifua. Daktari aliyekuwapo alinifungulia kabati, akanionyesha. Halikuwa na kitu. Nilirudi naye mgongoni, nikamzika. Sasa niambie na wewe: nikimaliza zote, na siku nikija nikute kabati hivyo, nifanye nini?"

Sisi hatukuwahi kumsikia akimtaja binti huyo. Baba mdogo aligeuka akatazama ukuta. Daktari alichukua kitambaa akaanza kuyafuta majivu mezani, polepole, akiyakusanya pembeni kwa uangalifu kana kwamba ni kitu cha thamani.

"Sina jibu, mama mzee," akasema mwishowe. "Ninachojua ni cha huyu aliyelala hapa."

Mama alikaa zahanati hadi pumzi yake ikarudi. Siku ya kuruhusiwa alipewa tena tembe za chokaa, bahasha nzima. Tulipofika nyumbani, Susu alinyoosha mikono yake miwili kama kawaida, na nikaona mama anasita. Lakini alizitoa. Susu aliziombea, na hakuzigawa. Alizifunga katika pindo la leso yake, na kuanzia hapo, asubuhi, mchana na jioni, alikuja mwenyewe na maji, akasimama mbele ya mama mpaka ameze, akamwambia, "Fungua mdomo nione." Mama alifungua kama mtoto. Ikawa mchezo wetu sisi wadogo kuigiza, "Fungua mdomo nione!" mpaka tukapigwa.

Mama akapona. Akakohoa mara chache, kisha asikohoe hata kidogo. Akashika jembe. Na Susu akaendelea kuja na maji, ingawa kila siku ilikuwa ngumu kwake kuliko jana yake. Mtu alikuwa mzima mbele ya macho yake, anacheka, anapura kunde, na yeye anampa dawa. Niliweza kumwona akilipapasa lile fundo la leso linavyopungua.

Ikabaki moja. Ilikuwa asubuhi yenye jua, baada ya chai. Susu aliifungua leso, akaiweka ile tembe katika kiganja, akakaa nayo. Mama alikuwa mbele yake na kikombe, akingoja. Hakumhimiza. Mimi nilikuwa nikifagia ua, nikaacha kufagia.

"Hii ikienda," Susu akasema, "nyumba haina kitu."

"Ndiyo, Mwaitu."

"Mtoto akishikwa leo jioni, sina."

"Ndiyo."

Alitazama watoto wadogo waliokuwa wakicheza karibu na zizi, mmoja mmoja. Kisha akanyoosha mkono, akaitia ile tembe katika kinywa cha mama kwa vidole vyake mwenyewe. Mama akameza. Susu akafunga macho palepale alipokaa, na sala yake ndefu tuliyoizoea, yenye shukrani za mvua na mbuzi na wajukuu, haikuja. Alisema tu, "Haya, Bwana. Sasa tumebaki na Wewe."

Wote wawili wamekwisha kulala. Susu alitangulia, na mama akaishi akawaona watoto wa watoto wangu. Hakuna boma ninalolijua leo ambalo dawa hupitia kwanza mikononi mwa mkongwe. Watu humeza za maumivu wakitembea barabarani, bila maji, bila neno, kwa kichwa ambacho usingizi mfupi ungekitosha. Nami simlaumu mtu, kwa maana nimeumwa na jino na ninajua. Ninamshukuru Mungu kwa maduka yaliyojaa. Ni ule uzito tu ninaoukosa, wa mtu kushika kitu kidogo cheupe na kujua kwamba akikitoa hana kingine. Nimeomba kwa miaka mingi, katika makanisa ya mawe na ya matope, nikiwa na kabati lenye kitu ndani yake. Sala ile ya Susu sijawahi kuweza kuiomba.